Kinanda Kilichoibwa Daraja Mbili na Boksi Lake la Gia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eliya Abdiel. Umri: miaka 20. Kabila: Mmeru. Dini: Mkristo. Kazi: fundi redio. Makazi: Sombetini, Arusha. Yameandikwa kituoni Ijumaa tarehe 13/10/2000, saa 9:40 alasiri.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwamba ufundi nimejifunza mwenyewe. Nafanya kazi Daraja Mbili, dukani kwa mzee Elimringi, anayeuza vyombo vya umeme vya mitumba kutoka Ulaya. Kinanda kilikuja na kontena mwaka jana. Ni cha zamani, sauti inatengenezwa na umeme wenyewe humo ndani, siyo hivi vya sasa vinavyokuja na sauti zake tayari. Ila hakina vitufe vya kuzungusha. Ukitaka kubadili sauti unabonyeza namba, unabadili kitu kimoja, unabonyeza nyingine, mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Boksi lilikuja kontena hilohilo, bosi akalitupa kwenye vyuma chakavu. Mimi na Lesian, mwenzangu pale dukani, ndio tuligundua ni la kinanda. Lina vishikio vya kusukuma juu na chini, sisi tunaviita gia. Ukichomeka waya wake, ukisukuma gia, sauti inakufuata hapohapo, inanenepa, inakonda, inafungua mdomo. Afande, siku ile tuliruka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimeambiwa nieleze tukio.

Kwao Lesian ni Oldonyo Sambu, Umasaini. Alikuwa anatafuta sauti nzito, ile ya wanaume wakiimba kwa koo. Kila jioni tukishafunga duka mimi nasukuma, yeye anasikiliza. Anasema, "Bado, huyo ana mafua." Au, "Hilo sasa ni trekta."

Mnamo tarehe 7, Jumamosi, bosi alituambia kinanda kimenunuliwa na kwaya moja ya Moshi, Jumanne wanakuja kukichukua. Lesian akamwambia, "Mzee, tuachie kidogo, tuko karibu." Bosi akasema, "Karibu na wapi? Hapa ni duka." Jioni hiyo niliondoka na boksi kwenda kulisafisha nyumbani, maana gia moja ilikuwa inakwama. Sikumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi nilikuta nondo za dirisha la nyuma zimeng'olewa, kinanda hakipo. Usiku ilinyesha mvua kubwa. Mlinzi wetu, Loishiye, alisema yeye alikuwa mbele, hakusikia kitu. Bosi akasema, "Mlinzi gani hasikii nondo?" Loishiye akaletwa hapa mahabusu.

Waya wa boksi nao haukuwepo. Una pini sita, haufanyi kazi kwenye kitu kingine chochote. Ulikuwa kwenye ndoo pamoja na nyaya kibao, na zile zote zimebaki. Niliona. Sikusema.

Jumatano jioni Lesian alikuja kwangu. Hakukaa. Akaniuliza, "Oya, lile boksi unalo?"

Nikamwambia, "La nini, na kinanda hakipo?"

"Basi tu."

Nikamwambia Loishiye yuko ndani. Akasema, "Watamwachia yule, hana kosa." Nikamwambia boksi sijaliona. Akaondoka, chai nimeshamimina.

Jana, Alhamisi, nilikuja hapa na Nashipae, mke wa Loishiye, tumeleta chakula. Loishiye akaniambia, "Kijana, ng'ombe akipotea mimi nafuata kwato. Hiki kinanda chenu kina kwato?" Nashipae akacheka. Halafu akaacha kucheka, akawa anafuta bakuli ambalo lilikuwa safi. Mimi nikaenda pale mezani mbele nikamweleza Koplo Magdalena habari ya waya, na ya Lesian kuulizia boksi.

Leo asubuhi askari wamekikuta kinanda Oldonyo Sambu kwa mama yake Lesian, kwenye stoo ya maharage, kimefunikwa blanketi. Waya pia. Bosi alipoitwa kukitambua akasema kwake vinanda vyote ni vyeusi. Koplo akaniuliza mimi nitakijuaje. Nikaleta boksi, nikachomeka juu ya meza hii. Lesian alikuwa amesimama pale mlangoni na pingu. Hakuniangalia. Nikasukuma gia moja moja, kinanda kikanifuata. Nikasema ndicho. Koplo akasema inatosha.

Mkono haukutoka kwenye gia. Sijui kwa nini.

Lesian akasema, "Ya tatu. Shusha kidogo."

Nikashusha. Wale wanaume wa kuimba kwa koo wakatoka kwenye kinanda, wengi, na vifua vyao. Ndiyo yenyewe. Mimi sikusikia furaha wala nini. Kisha Lesian akatolewa, na umeme ukachomolewa. Sauti ile haikuwa imehifadhiwa kwenye kinanda, ilikuwa pale gia zilipoishia tu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema kwa hiari yangu. Nimesomewa, yako sawa.

Saini: E. Abdiel

Maoni ya mwandishi wa maelezo: Loishiye ameachiwa saa 10:20 jioni, mkewe akiwepo. Kinanda, waya na boksi vimepokelewa kama vielelezo. Shahidi ameomba vishikio vya boksi visiguswe. Nimevibandika selotepu jinsi vilivyo.

Koplo Magdalena