Pale Mashine Ilipolia

Usinipigie, nipo zahanati, siwezi kuongea. Soma tu.

Shemeji, mume wa dada, amempiga kaka kwa koleo. Kichwani. Watu waliokuwa wanaazimana mpaka mashati.

Ile mashine ya kutafutia dhahabu uliyoniuzia, tumeiwasha asubuhi shambani kwa shemeji. Nikaisawazisha na udongo kama ulivyonielekeza, nikaongeza usikivu mpaka mwisho. Hatua ya tatu tu, ikalia. Nikasogea, ikalia tena.

Kaka akasema, "Hapa tumepata."

Shemeji akasema, "Tumepata na nani? Shamba langu."

"Na mashine yetu."

"Shamba langu."

Koleo likapanda. Nilisikia mfupa, ndugu yangu. Kaka damu inamchuruzika mpaka shimoni na bado anachimba kwa mkono mmoja. Anachimba, unaelewa? Shemeji akainua koleo mara ya pili, ikabidi nimwangushe nimkalie kifuani.

Sasa sikia. Wakati kaka anashonwa, nimeitoa mashine kwenye gari nikaijaribu hapa nje, kwenye nyasi. Ikalia. Nikarudi nyuma, ikalia. Nikavua viatu.

Kimya.

Vile vyangu vya kazi, vyenye chuma mbele. Ulinionya nivivue, nikakwambia usinifundishe kazi.

Nimevitupa nyuma ya choo. Kaka ametoka sasa hivi, nyuzi kumi na nne. Jicho moja limeziba, la pili linaniangalia miguu.

Ameniuliza, "Mbona uko peku?"