Kiitikio Tulichokiimba Machimboni

Ngokolo, Shinyanga
9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, mguu wa mama umepungua uvimbe. Wewe hali yako? Kifua kinakusumbua bado kwa lile vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe?

Najua simu huisikii tena na meseji unasema maandishi yake ni kama sisimizi, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi la Katoro.

Jana nilikuwa nasafisha chumba chenu, nikakuta chini ya kitanda kanda ya kaseti. Picha yake ni buti kubwa limekanyaga kijiji kizima, watu wanatokea pembeni ya soli. Jina limefutika. Nilimuuliza mama, akasema, "Hayo makelele ya baba yako," akaendelea kuchambua mchele.

Baba, wewe wa kwaya ya kanisani, ulikuwa unasikiliza nini?

Mwanao,
Mbuke

Katoro, Geita
23 Februari 2025

Ng'wana wane, mwanangu Mbuke,

Marahaba. Mimi mzima, kifua si kibaya. Mpe mama yako pole ya mguu.

Umenichekesha peke yangu mpaka Ndaki, mwenzangu wa karashani, akadhani nimechanganyikiwa. Kanda hiyo nilipewa na Marcel, Mzungu aliyekuwa akiendesha mtambo wa kuchoronga miamba, nami nikimbebea mabomba. Ni muziki wa magitaa yanayonguruma na mtu anayeimba kama anagombana na ng'ombe. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Ya tatu nikaanza kuingoja.

Tuliipeleka kwenye duara letu, lile shimo tulilochimba mimi na wenzangu, tukawa tunaipiga kwa betri ya gari. Kiingereza hatukukijua hata mmoja wetu, ila kulikuwa na kiitikio tulichokielewa wote: "Nilidai! Nilidai!" Tulijiuliza Wazungu hawa wamejifunza Kiswahili lini. Kampuni ilipokuja kututoa, wewe bado uko mgongoni kwa mama yako, tuliuimba wimbo huo siku nzima.

Wewe unakifundisha Kiingereza. Hebu sikiliza, uniambie ule wimbo ulikuwa unadai nini. Mimi masikio baruti imeyala nusu, karasha imemalizia.

Baba yako,
Boaz

Ngokolo
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo tena. Natumaini u mzima. Mama anatembea sasa, jana alikwenda sokoni mwenyewe.

Nilimpelekea kanda Akida, fundi redio, mwenye redio kaseti inayofanya kazi bado. Mwanzoni niliziba masikio. Kisha nikairudia nikiwa na kalamu. Albamu yote inahusu watu waliokandamizwa: wanafukuzwa mashambani, wanachimba mlima ambao si wao tena, watoto wao wanahesabiwa kama magunia. Maneno yamepangwa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Ila wimbo wenu, baba. Nimekaa nao siku kadhaa nikijiuliza nikwambie au ninyamaze. Anayeimba pale si mnyonge. Ni mtawala, anawaambia watu: shamba lako langu, jasho lako langu. Na kiitikio si "nilidai". Ni Kiingereza, "Kneel or die", ni amri. Maana yake "Piga magoti au ufe".

Nisamehe kama nimekuharibia. Lakini sasa nataka kujua: siku ile mlipouimba, ilikuwaje?

Akida anasema asiyesikia akiweka kiganja juu ya spika hupata ngoma yote. Njoo Pasaka ujaribu.

Mwanao,
Mbuke

Katoro
6 Aprili 2025

Ng'wana wane,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaenda kusaga mawe, nikarudi nikaisoma tena.

Siku ile lilikuja greda na askari, na mbele yao msimamizi, Mzungu mnene mwenye kofia ya chuma. Sisi tulikaa chini kuzunguka duara, redio mbele yetu. Yule bwana alipofika karibu, mwenzetu Donatus akaongeza sauti, na kiitikio kilipoingia tukamnyooshea vidole, mamia yetu: Nilidai! Nilidai!

Akasimama. Akawa mwekundu, halafu mweupe. Akatazama chini, pale miguuni pake, akatazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumweleza. Mkalimani wake akamwambia kitu, akakataa kwa kichwa. Akarudi kwenye gari, na greda likarudi naye. Sisi tukasema Mungu mkubwa, haki yetu imemchoma.

Kumbe tulikuwa tunamwambia apige magoti au afe.

Nimejaribu kuhuzunika, mwanangu, nimeshindwa. Walirudi baada ya wiki bila yeye, wakafukia kila kitu. Lakini wiki ile tulipandisha mawe yetu yote yenye dhahabu, na wenzetu waliokuwa chini shimoni walitoka salama. Nyumba unayolala ilijengwa na mawe yale. Ninachojiuliza ni kama yule bwana aliwahi kujua kwamba hatukujua.

Pasaka nitakuja, ila kwa siku mbili. Hapo nyumbani mkicheka nami nacheka, sijui mmecheka nini. Huku karashani hakuna anayesikia, tuko sawa.

Baba yako,
Boaz

Ngokolo
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Sisi wazima.

Tangu uondoke najiuliza niandike hili au nisiandike. Ulipoweka kiganja juu ya spika aliyotuazima Akida pale sebuleni, ukafumba macho na kichwa kikaanza kwenda na mdundo, majirani walijaa mlangoni wakicheka. Mama hakucheka. Alikuwa nyuma yako na sahani za wali, akasema, akidhani nami simsikii kwa yale magitaa: "Mkono wake unasikia redio ya watu. Mimi niko hapa miaka yote, nikiongea hata hajui kama nimeongea."

Halafu akaweka sahani mezani akaenda jikoni. Ulifumbua macho ukaniuliza, "Mama yako amekwenda wapi?" Nikakujibu kwa ishara kwamba anapika. Nilikudanganya, alikuwa ameegemea ukuta tu.

Sijamwambia kwamba nakuandikia.

Mwanao,
Mbuke

Katoro
11 Mei 2025

Ng'wana wane Mbuke,

Marahaba. Nilifika salama.

Sikujua. Nilidhani amezoea, kumbe nilizoea mimi. Miaka hii yote nilikuwa nakimbia midomo ya watu nisiyoisikia, sikufikiri kuna mtu nimemwacha anaongea peke yake.

Zamu yangu ya karasha nimemkabidhi Ndaki, na vyombo vyangu nimevifunga. Jumamosi nitapanda basi, na safari hii sijasema siku ngapi.

Mwambie mama yako, Paskazia wangu, ajiandae kuongea. Nitakaa upande wake, mkono nitauweka mgongoni pake, aseme yote tangu mwanzo, hata kama ni ya kunigombeza. Maneno nisiyoyapata utaniandikia. Na akimaliza, akiwa hana tena la kusema, mkono nitauacha hapo hapo.

Baba yako,
Boaz