Nukta Sita Tayari Zina Majina

Jumatatu, 4 Novemba

Nimejenga moduli ya draiva yangu mara ya tatu leo. Hatimaye imekubali. Kibodi ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, inaandika. Vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Unabonyeza kadhaa kwa pamoja, herufi inatoka. Kibodi yenyewe ameiunda Yvonne, mwenzangu wa karakana, waya kwa waya. Draiva ni yangu: programu inayokaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na kuieleza kompyuta kifaa kinasema nini. Miezi mitatu. Mistari elfu mbili na ushee.

Yvonne ameuliza tena kwa nini nimekifungulia kifaa faili lake peke yake, kama mlango wa pembeni, badala ya kukipitisha njia ya kibodi zote. Nimemwambia hii si kibodi ya kawaida. Amerudi kwenye waya zake. Sipendi anavyouliza.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda shuleni Rugerero kwa pikipiki, mvua njia nzima. Kibodi ni ya Mwalimu Espérance. Haoni tangu utotoni, anafundisha historia, amekulia Bukavu, na anakicheka Kiswahili changu cha Karagwe. Miaka yote mitihani anayotunga humtamkia mwalimu mwenzake, ndiye anayeandika. "Anabadilisha maneno yangu," alisema. "Safari hii nataka kuandika mi mwenyewe." Mtihani unatakiwa ofisini Ijumaa ya tarehe 22.

Ameandika aya nzima kwenye programu ya kuandikia niliyomtengenezea, kompyuta ikimsomea kwa sauti. Nilifurahi kama mjinga. Kisha akahamia kwenye barua pepe. Kimya. Akajaribu kwenye jedwali la alama za wanafunzi. Kimya.

"Huku haiandike."

Nikamweleza kwamba kibodi inaongea na programu yangu tu. Akafikiri kidogo.

"Donc, basi nikitaka kuandikia dada yangu, nakuita we?"

Nikasema ndiyo, kwa sasa. Tena herufi za Kifaransa zenye alama juu hazitoki. Jedwali la herufi nililiandika mwenyewe ndani ya draiva, na nilizisahau.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeongeza herufi. Nimeandika na kijiprogramu cha kuzibeba hadi kwenye barua pepe. Kibovu. Kinaangusha herufi moja katika kumi. Kiraka juu ya kiraka. Yvonne amepita nyuma yangu mara mbili akitazama skrini. Nina hasira na kila mtu.

Jumamosi, 9 Novemba

Kiraka kingine kwa ajili ya mwalimu. Nimempelekea. Inatosha.

Jumanne, 12 Novemba

Siku mbaya kuliko zote.

Mwalimu amepiga simu saa nne asubuhi. Sauti ya chini, ya mtu anayejizuia.

"Injinia, mashini imekufa. Nilikuwa kwa swali ya kumi na moja. Yote imepotea?"

Yote. Kompyuta ilikuwa imeganda. Nilipofika na kuiwasha upya, hakuna kitu. Programu yangu haikuwa ikihifadhi njiani.

Kosa nimelipata saa nane mchana. Lile jedwali la herufi. Alibonyeza vitufe ambavyo sikutegemea mtu avibonyeze pamoja, draiva ikasoma nje ya mwisho wa jedwali. Kosa hilo likiwa kwenye programu ya kawaida, inaanguka programu peke yake. Likiwa ndani ya kerneli, linaangusha nyumba nzima. Jambo hili nalijua tangu chuoni. Niliweka jedwali humo kwa sababu lilinifanya nijione fundi.

Nilimpigia kumwomba radhi. Akasema, "Si kitu." Nilitamani anitukane.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwambia Yvonne kila kitu. Hakunisuta. Amevuta kiti, akafungua ndani ya kerneli orodha ya vitufe vyote vinavyotambuliwa, akashuka nayo taratibu, akasimamisha kidole.

Nukta ya kwanza ya nukta nundu. Ya pili. Ya tatu. Zote sita, na nyingine za ziada. Kila moja ina jina na namba yake. Zipo humo miaka mingi. Mtu fulani, sijui wapi, aliwafikiria watu kama mwalimu kabla yangu.

"Wewe taja tu kitufe gani kimebonyezwa na kipi kimeachiwa," Yvonne amesema. "Kuzigeuza nukta kuwa herufi ni kazi ya programu ya nje ya kerneli. Nayo ipo. Inajua lugha nyingi kuliko wewe."

Nimemuuliza kwa nini hakunionyesha mapema.

"Nilikuuliza mara nne. Hukutaka kuulizwa."

Kweli. Nimeona aibu hadi masikioni.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefuta. Faili langu maalumu, jedwali, amri nilizozitunga, kijiprogramu. Nilidhani itaniuma. Imeniuma.

Ijumaa, 15 Novemba

Mistari mia moja na kumi. Ndiyo draiva nzima. Imewaka mara ya kwanza. Nimeandika kwenye barua pepe, kwenye jedwali la alama, hata kwenye kisanduku cha neno la siri. Kompyuta haijui kwamba hii si kibodi ya kawaida. Wala si kazi yake kujua.

Siku tatu. Ile miezi mitatu sijui niiite nini.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimempelekea. Mwalimu amejaribu kila mahali, mfululizo, kama anayenunua viazi sokoni na kugeuza kimoja kimoja. Ameandika kwa Kifaransa, kisha Kinyarwanda. Amebonyeza vitufe vyote kwa pamoja, kwa makusudi. Kompyuta haikuganda.

"Sawa," akasema. Hilo tu. Hajanisamehe bado. Ana haki.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimefika Rugerero kabla ya saa sita. Hakuniita; nilitaka kuhakikisha. Nimemkuta anaandika. Nikasimama nyuma yake nikitazama vidole.

Bila kugeuka akasema, "Toka inje, Injinia. Huu ni mutihani."

Nimetoka. Mvua ilikuwa imekatika. Sauti ya kompyuta inayomsomea alichoandika ilikuwa inapenya dirishani, neno kwa neno. Nikasogea mpaka getini, nisisikie maswali.