Kadi Isiyo na Bahasha

Songea, 9 Machi 1907

Kwa kaka yangu mpendwa Hironimus,

Shikamoo kaka. U hali gani huko kwenye baridi? Sisi tunapumua, ingawa njaa haijatuacha na kila kishindo cha viatu vya askari hunifanya nifunge mlango.

Kadi zako mbili zimefika, zenye picha za ile shule kubwa unakowafundisha Wadachi Kiswahili. Ya kwanza Baba aliibandika ukutani kwa ugali. Aliitazama siku nyingi, minara, madirisha, barabara safi isiyo na mtu, kisha akaniuliza wenyeji wamekimbilia wapi. Nilimwambia wako ndani, wanasoma. Hakuamini. Huku kwetu mji mtupu una maana moja tu.

Ya pili ilifikia bomani. Karani Salum aliniita mbele ya watu akanitania kwamba kaka yangu sasa ana madirisha mengi kuliko milango yote ya Songea, basi atafute wake wanne wa kuyafuta vumbi. Tulicheka. Kisha akaigeuza, akasoma kwa sauti ulichoandika: “Ni kweli mmoja wetu alikunywa yale maji ya vita? Niambie ni nani, nimwombee.” Kicheko kikakatika. Kaka, kadi haina bahasha. Kila anayeishika anaisoma.

Askari walinipeleka ndani. Bwana wa boma aliuliza mara tatu ni nani. Wewe nakwambia ukweli, ambao wao sikuwaambia: ni Pankrasi, mdogo wetu. Sasa analima Mpitimbi, na mkewe ni mjamzito. Wote waliotajwa kabla ya siku ile walinyongwa.

Baba alifariki Januari, kwa njaa. Mihogo yake alikuwa akinifichia mimi chini ya kibuyu, akisema ameshiba. Sikuwa na moyo wa kukuandikia. Na siku ile bomani nilimtaja yeye, Baba, aliyewasihi watu wasiyanywe yale maji. Niliwapeleka kaburini, wakachomachoma udongo kwa singe, wakaondoka. Jina lake limeandikwa pamoja na waasi.

Barua hii naifunga kwa bahasha, anaibeba bruda wa misheni anayeshuka Lindi. Lakini huenda kadi yako nyingine iko njiani, na kila tarishi akipita natoka mlangoni kumtazama. Kama humo umemtaja Pankrasi kwa kukisia tu, atakamatwa. Nakusihi usiulize tena. Andika salamu tu.

Pankrasi hajui nilivyomponya, wala sitamwambia. Wewe peke yako unajua. Umwombee Baba, nami unikumbuke.

Dada yako,
Adela