Wikiendi Imejaa, Majibu ya Hospitali Yananisubiri

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuomba msaada, na nakuomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana siku hizi nakula bila kuonja ladha na nimeanza kuongea peke yangu kwenye karakana.

Mimi ni fundi wa fremu za picha, mwanamke wa makamo, nimeolewa na mwalimu wa muziki mwenye kwaya yake, mtu mpole, mwenye utani, yaani kama kuna mume wa kumlalamikia gazetini si huyu. Tatizo ni mimi. Nilipata uvimbe kwenye titi, mdogo tu, niliuhisi nikiwa naoga, nikajitia hamnazo, nikauhisi tena, ndipo nikaenda hospitali peke yangu huku nimemwambia mume wangu nakwenda kununua vioo, daktari akanichoma sindano akachukua kinyama cha kupima, akasema majibu yatakuwa tayari Ijumaa, njoo na mtu wako wa karibu. Mshauri, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyong'onyeza, kwa sababu daktari hamwambii mtu aje na mwenzake kupokea habari ya mafua.

Utauliza kwa nini sikumwambia mume wangu. Dada yake mkubwa alifariki kwa ugonjwa huo huo wa titi, na yeye ndiye aliyemuuguza, alimlisha kwa kijiko, alimbeba kumpeleka bafuni, na siku tuliyotoka makaburini alikaa ukingoni mwa kitanda na suti yake akaniambia, "Fundi, jambo kama hili mara ya pili sitaliweza." Mimi ananiita fundi, na mimi namwita mwalimu. Tangu siku ile nyumba yetu haikai na watu wikiendi. Mdogo wake wa kike, wifi yangu, ambaye tumemwita Wifi Ratiba kwa sababu hakuna shughuli mjini hapa asiyoijua, alisema huzuni haimpati mtu asiyepatikana nyumbani, basi ikawa kila Ijumaa mpaka Jumapili ni maonyesho, ni michezo ya kuigiza, ni muziki, ni kualikwa na kualika, miguu inavimba kwenye viatu, tukazoea, na kusema kweli tukapenda.

Sasa Ijumaa hiyo ya majibu ndiyo ilikuwa siku ya kufungua maonyesho ya wachoraji, na fremu zote nilizitengeneza mimi. Nilijiambia nitapita hospitali asubuhi kisha niende ukumbini, lakini nilipoamka nikakumbuka kuna picha hazijafungwa kulabu, nikakimbilia karakana, nikafunga, nikaona nyingine kioo chake kina vumbi kwa ndani, nikaifungua, nikafuta, nikaifunga, nikaifungua tena, na nilipoinua kichwa adhuhuri imepita na kliniki inafungwa. Jioni tuko ukumbini, watu wamependeza, wameshika glasi, wanarudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza kitu, na mimi nikaona picha kubwa kuliko zote imening'inia juu chini. Kulabu nilizifunga upande usio wake. Tangu nianze kazi hii sijawahi. Mama mmoja mwenye miwani akawa anawaambia wenzake, "Hii ndiyo inayonigusa, ina hofu ndani yake." Mchoraji mwenyewe alikuja, akaitazama picha yake, akanitazama na mimi, wala hakufoka, akaniuliza polepole, "Fundi, unaumwa?" Nikacheka. Nilicheka sana mpaka mume wangu akageuka kuona kuna nini.

Muuguzi alianza kunipigia jioni ile ile, na Jumamosi asubuhi akapiga tena nikiwa na wifi kwenye soko la vitabu, nikakata. Hapo nilijikaza, nikamshika mkono nikamwambia, "Wifi, nina jambo nataka kukueleza," naye akanijibu, "Jambo linasubiri, wifi yangu, tiketi haisubiri," akanivuta, na mimi, mshauri, nilivutika kama mtoto. Mchana tukaingia kwenye mchezo wa kuigiza, sisi watatu, mzee wa kwenye mchezo amelala kitandani anakata roho, ukumbi mzima kimya, watu wanafuta machozi, simu yangu ikalia. Yule marehemu alifumbua jicho moja akanitazama. Nikaizima, wifi akaninong'oneza, "Nani huyo anayekuandama namna hiyo?" nikasema wamekosea namba. Mume wangu alikuwa amekaa upande wangu wa pili. Niliona ameitazama ile simu mpaka ilipoingia mkobani. Jioni tulialikwa chakula kwa rafiki zake, mahali ambapo yeye ndiye huwachekesha watu mpaka wanashika mbavu, na siku hiyo alikula, akashukuru, akaomba maji.

Jumapili ilikuwa tamasha la kwaya yake, na nilikuwa nimeapa sitamwambia chochote kabla ya tamasha nisije nikamvuruga. Waliimba vizuri ajabu. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha simu ikatetemeka, nikatoka mbio, nikajifungia chooni, kumbe si hospitali, ni binti yetu wa chuoni anauliza baba ameimbisha vipi. Nilipotoka watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniambia, "Mwalimu alikuwa anakutafuta kwa macho, kiti chako kilikuwa kitupu."

Garini mwalimu hakuwasha muziki. Tukiwa kwenye taa nyekundu akaniuliza, "Fundi, kuna mtu?"

Nikamwambia, "Mtu gani, mwalimu?"

"Umenielewa. Nauliza kama kuna mtu."

Nikasema hapana, halafu nikaanza kulia. Na mwanamke anayelia baada ya kuulizwa swali kama hilo ni kama ameshalijibu. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yanapiga honi, naye amekaa tu ameshika usukani. Leo Jumatatu ameondoka bila kunywa chai, na nilikuwa nimeshaimimina. Nakuandikia kutoka karakana. Wifi naye ameshatuma ujumbe wa wikiendi ijayo, Ijumaa kuna ngoma za kisasa, Jumamosi harusi ya binti wa rafiki yake, Jumapili maonyesho ya mavazi, na mimi nikamjibu "tupo" kabla hata sijamaliza kusoma.

Nifanye nini, mshauri? Nikimwambia nitamvunja, nisipomwambia anaamini nina mwanamume nje. Nimewaza niende kimya kimya nikachukue majibu peke yangu, yakiwa mazuri nifunike kombe mwanaharamu apite, lakini zile simu nitazieleza vipi, na yakiwa mabaya nitarudi nyumbani na uso upi? Naogopa kufa, mshauri, hilo sijalisema popote. Naogopa na nimechoka kuogopa nikiwa nimependeza.

Wako,
Fundi wa Fremu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, marahaba. Barua yako imeruka foleni, na yule bwana mwenye ugomvi na jirani juu ya jogoo atanisamehe.

Pole sana. Pole ya kweli, si ile ya kwenye korido. Kubeba hofu kama hiyo peke yako, umevaa vizuri, unatabasamu katikati ya watu, ni kazi ngumu kuliko zote ulizofanya wiki hiyo.

Pole imekwisha, sasa tusikilizane. Umeniandikia kana kwamba wikiendi ilikushika mkono ikakukatalia kwenda hospitali. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ni nani aliyefungua kioo, akakifunga, akakifungua tena mpaka kliniki ikafungwa? Ni nani aliyemwambia wifi "tupo"? Na muuguzi amekutafuta tangu Ijumaa, mama wa watu, wewe ndiye unayemkatia. Nafasi unazo tele, dada yangu. Unazijaza kwa makusudi kwa sababu nafasi tupu ndiyo yenye daktari ndani yake. Wala hukuanza wewe. Ninyi nyote watatu mmekuwa mkikimbia tangu siku ya mazishi, ila wenzako hawajui kwamba wewe sasa unakimbia mbio mbili.

Unasema unamkinga mumeo. Alisema hataweza. Ndiyo, alisema, na suti ya mazishi mwilini. Siku ile watu husema mengi, na mwenye busara hawashikilii. Wewe umeokota sentensi moja ukaiweka moyoni, ukayasahau aliyoyafanya kwa mikono yake. Mtu aliyemlisha dada yake kwa kijiko mpaka mwisho, ungemwona akifanya nini zaidi ndipo uamini kwamba anaweza? Na katika kumkinga na ugonjwa ambao hujui hata kama upo, umemwambukiza mwingine. Anaamini mkewe anamwacha. Amekaa kwenye taa ya kijani ameshika usukani, na unaniambia hutaki kumvunja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo watu huitumia kuwatisha wenzao. Mimi nakuambia kwa sababu bado hujafika huko na sitaki ufike. Siwezi kukuahidi habari njema, mimi si daktari. Najua uvimbe mwingi huwa si wa hatari, na najua hata wenye ule wa hatari, aliyewahi ana njia nyingi kuliko aliyechelewa. Majibu yako yameshaandikwa. Kutoyasoma hakubadilishi hata nukta, kunakula muda wako tu.

Kwa hiyo usiende peke yako. Na usitafute wakati mzuri, haupo, ungekuwepo ungekwisha kuufunika kwa tiketi. Mwambie leo akiingia mlangoni, kabla hajavua viatu. Anza na lile linalomuua yeye: "Mwalimu, sina mwanamume." Kisha papo hapo, bila kumeza mate: "Nina uvimbe kwenye titi, nimepimwa, majibu yako tayari, naogopa." Basi. Usiongeze "usijali". Akinyamaza mwache anyamaze. Akilia mwache alie, wala usianze kumbembeleza na kumwekea maji ya kunywa mpaka jioni ikaisha wewe ndiye unayemuuguza yeye. Nawajua wanawake wa namna yako, mnaweza kumfariji hata daktari. Kisha mpigieni muuguzi mkiwa wote wawili, mwombe radhi, umwambie mnakuja kesho asubuhi.

Wifi yako mwandikie kwamba wikiendi hii hampo popote. Ataleta maneno. Mwambie aje kwenu, akae, avue viatu, kisha mweleze. Usimwonee kwa ile ratiba yake, na yeye alizika dada. Mchoraji naye mfuate ukaigeuze picha yake na umwombe msamaha kwa heshima, maana katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyekuuliza swali lenye maana, nawe ukamcheka.

Najua kuna uwezekano ukafika mlangoni na mdomo ukakataa. Hutokea. Basi usifuate ujasiri ambao huna, fungua gazeti hili kwenye ukurasa huu, liweke mezani mahali anapokaa, ujitoe.

Na wewe, mwalimu wa muziki, ikiwa umelikuta limefunguliwa hapa, mkeo hana mtu mwingine. Yuko chumba cha pili, ameshika kitambaa anafuta kitu kisichokuwa na vumbi, anasikiliza kama umefika mwisho wa ukurasa. Umefika. Inuka uende.