Ngazi Yetu Imenyamaza

Chake Chake, Pemba
Ijumaa, 14 Agosti 1959

Mpendwa kaka yangu Mmanga,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali. Hujambo? U mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la gati la Kilindini kimepoa? Na chakula je, unapata cha kushiba au bado ni mkate na chai kama ulivyotuandikia? Sisi huku, alhamdulillahi, tu wazima wa miili, na pungufu letu kubwa ni wewe.

Barua yako ya mwezi uliopita imefika. Nilimsomea mama yote mara mbili. Mara ya tatu akaniambia nisimsumbue na habari za meli na makasha ya chai, nimsomee pale tu ulipoandika kwamba unatukumbuka. Basi nikasoma pale, nikarudia pale.

Karafuu mwaka huu zimebeba. Hakuna uwanja usiotandikwa majamvi, na mji mzima unanuka kama mkoba wa bibi harusi. Mume wangu Othman yuko Mkoani na upakizi, namuona Ijumaa kwa Ijumaa, na mpwa wako Moza ameng'oka meno ya mbele na bado hataki kunyamaza. Anauliza mjomba wake ana sura gani. Nimemwambia atazame pua yake kwenye kioo.

Sasa nikupe habari ya ngazi, maana ndiyo hasa iliyonikalisha kuandika.

Wewe uliondoka baba angali analala chumba cha juu. Unazikumbuka alfajiri zake: mitalawanda, vile viatu vyake vya mti, miguuni, ko, ko, ko, ngazi nzima ya mbao inapiga kelele, na mama huku chini keshateleka maji ya udhu, kwa kuwa baba hakupenda maji ya baridi. Nyumba hii haikuhitaji jogoo. Na wewe ukirudi safari zako ulikuwa hupiti kwa mtu, unapanda mbio kwanza ukambusu baba mkono, ndipo ushuke utuamkie sisi wengine. Mguu ulipomshinda tukamteremsha chini, na juu akaingia Bwana Ngwali, fundi cherehani, na mkewe Bi Mwanawema na watoto wao. Ni watu wema, sina ila ya kuwatia. Lakini mlango wa nyumba ni mmoja na ngazi ni moja, na ngazi yenyewe, kama ujuavyo, inapita juu ya kichwa cha kitanda cha mama.

Baba alipotutoka, mama akaingia edani, nami nikadhani kukosa kwake usingizi ni msiba tu. Kumbe liko jingine. Alfajiri moja niliamshwa na moshi. Nikamkuta mama jikoni, birika limejaa maji ya moto, amelishika, amesimama tu. Bwana Ngwali alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenda msikitini na mitalawanda yake. Mama akaniambia, "Nimemsikia yuwashuka." Kisha akakumbuka. Kaka, uso ule sikuombei uuone.

Na haikuwa siku ile moja. Nikaanza kumsikilizia, nikajua ndiyo kila alfajiri. Anasikia mitalawanda baina ya usingizi na macho, anainuka, anawasha moto, anatia maji, ndipo akili inamrudia kwamba mwenyewe yuko kaburini. Mama alikuwa akifiwa upya kila kukicha. Chakula kikamshinda. Mifupa ya shingo ikatoka, na ile nguo yake nyeupe ya eda ikawa inamzunguka mara mbili. Niliogopa, sitakuficha. Niliona nitakuletea taarifa ya msiba wa pili.

Shangazi Mize alipokuja kutoka Micheweni alisema tumhamishe. Tumhamishe wapi, naye yumo edani? Mjane hatoki nyumba ya mumewe mpaka eda yake iishe. Na chumba cha pili cha chini ndicho kile kinachovuja, masika haya yalikigeuza kisima. Basi ikiwa mama hahamishiki, ngazi ndiyo inyamazishwe.

Mimi na ujanja wangu nikapanda kwa Bi Mwanawema. Siri ya mama niliona aibu kuitoa, nikasema tu kwamba miguu yao ina kelele, wafanye hisani waipunguze. Hapo ndipo nilipoharibu. Akanitazama juu mpaka chini. "Tuna miguu, Mwanakhamis, hatuna mbawa. Au wataka tuteremkie dirishani?" Nilishuka na uso umenishuka, na siku zile hata chumvi hatukuazimana.

Nikasema potelea mbali, nitafanya mwenyewe. Nikatafuta jamvi kuukuu, na kulipata msimu wa karafuu ni kazi, nikalitandika ngazi nzima kama anayemtandikia bibi harusi njia. Asubuhi yake jamvi likateleza, na Bi Mwanawema yu juu yake. Alikuja chini kwa makalio, yeye na ndoo yake, mpaka mlangoni. Alhamdulillahi hakuvunjika kitu ila heshima. Nilipokwenda kumwinua nikamkuta anacheka na kulia pamoja, nami nikaanza kulia kweli, na palepale chini ya ngazi nikamwambia yote, birika na maji na yule mtu anayesikiwa akishuka.

Akajifuta macho. Kisha akasema, "Shoga, kwa nini hukunambia? Mie nkadhani mwatufukuza." Akanyanyuka na maungo yake yanamuuma, akaenda kutafuta sindano ya magunia.

Tangu hapo ikawa kazi ya nyumba nzima. Shangazi Mize alituletea usumba. Yeye na wanawake wenzake wa kule pwani hufukia makumbi ya nazi kwenye matope, wakayafukua na kuyaponda mpaka zibaki nyuzi tupu. Bwana Ngwali akapata magunia yaliyochanika yasiyofaa tena kwa karafuu. Mimi na Bi Mwanawema tukashona vijigodoro vyembamba, kila kipandio na chake, tukavijaza usumba na kuvitia mishono ya kukaza visije vikajikusanya upande mmoja. Tulishona tukiwa tumekaa hapo hapo kwenye ngazi, na nimemjua mwanamke huyu kwa siku chache zile kuliko tangu alipohamia. Naye ana ndugu yake Tanga asiyerudi.

Fundi Ame seremala alipokuja kuvigongomea akatucheka. Alisema tunavisha nguo mgonjwa bila ya kumpa dawa, maana mbao zenyewe zimelegea na kila moja inamgonga mwenziwe. Akapigilia kabari palipokuwa na nafasi, akakata mpira kuukuu wa gurudumu la baisikeli vipandevipande, akaupenyeza mpira ule chini ya kila ubao, ndipo akakaza vijigodoro vyetu kwa misumari, hasa ukingoni mguu unapokanyagia. Nilijaribu kupanda kwa kishindo na mitalawanda ya baba. Hata mimi niliyekuwa juu yake sikuisikia vizuri.

Na Bwana Ngwali, Mungu amlipe, akaweka sheria yake mwenyewe: mitalawanda haivaliwi ngazini. Alfajiri anashuka pekupeku ameibana kwapani, kama mtu anayejiibia viatu, na anaivaa akishavuka kizingiti. Watoto wao ndio walionuna. Walikuwa na mchezo wa kuruka vipandio vya chini, sasa hawasikii raha kwa kuwa haupigi kelele.

Kaka, alfajiri ya kwanza mama alilala mpaka adhana. Nilimsimamia kitandani nikimsikiliza pumzi, nusura nimwamshe kwa furaha. Ya pili vilevile. Baada ya juma akaomba muhogo wa nazi na papa, akala, akaongeza. Shingo imeanza kujaa. Sasa anamsimanga Moza kwa kusuka ukili ovyo, na mtu mwenye nguvu ya kusimanga hana ugonjwa.

Laiti ningeishia hapo, barua hii ingekuwa ya furaha tupu. Lakini Jumatatu hii nikaamka, nikasikia tena harufu ya moshi.

Nilikwenda jikoni mbio. Maji yamechemka, birika limejaa, limewekwa penye jiwe la kutawadhia, na taulo safi pembeni. Nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto, "Mama, leo ngazi haikulia. Hakushuka mtu."

Akanikata jicho. "Najua haikulia. Mie si mwehu, Mwanakhamis. Babako nimemlilia, nishamwachia Mola wake. Hayo ya Mmanga."

 Akaendelea kuufukia moto kwenye majivu. "Zamani akifika ngazi ndiyo iliyokuwa ikinambia, kwa zile mbio zake za kwenda kwa babake. Sasa mmeitia pamba mdomoni. Ntajuaje kama kaja? Bora ayakute tayari."

Na ndivyo ilivyo tangu Jumatatu. Haamki kwa kushtuka tena, analala usingizi wake wote, anaamka kwa hiari yake, anateleka maji yako.

Najua hukuweza kuja mazikoni. Simu ilichelewa kukufikia, na hata ingewahi, meli haingekungoja. Hapa hapana anayekulaumu, na akitokea wa kukulaumu atapambana na mimi. Lakini nimechoka kujifanya hodari, Mmanga. Nakutamani. Natamani mtu wa kugombana naye juu ya kipande cha samaki. Natamani kukusikia ukimwita mama kutoka mlangoni kwa ile sauti yako ya kumdekea, uliyokuwa huoni haya kuitoa hata ulipoota ndevu. Nikipita ngazini hukanyaga vile vijigodoro vyetu laini nikasema, tumefanya kazi nzuri, tumemfukuza aliyekuwa haji tena. Yule anayeweza kuja ndiye hatujui tumlete vipi.

Mwanzo wa mwezi ujao mama anatoka edani. Tutasoma khitma, ndugu watakuja kutoka Micheweni, na nyumba itajaa. Yeye hatatazama waliojaa. Omba ruhusa, kaka, hata ya siku chache. Ukinyimwa omba tena.

Shangazi Mize anakusalimu, na anasema aliyekupa kazi Mombasa hakukununua. Othman anakusalimu. Bwana Ngwali anakusalimu ingawa hakujui, na amesema ukija atakushonea kanzu. Bi Mwanawema anasema vivyo hivyo, na kwamba utakapoiona ngazi uisifu mbele yake. Moza anakuonyesha pengo. Mama hakunituma salamu. Amesema salamu zake ziko jikoni.

Mwenyezi Mungu akulinde baharini na nchi kavu, akufungulie mlango wa riziki iliyo karibu na kwenu, na asituonyeshe kumzika mwengine hali hatuko pamoja. Amin.

Na utakapofika usivue viatu mlangoni kwa adabu. Pita na viatu vyako vya Mombasa, panda kwa kishindo, ruka vipandio viwili viwili uwezavyo, mpaka mbao zisahau kabari za fundi Ame. Hapana atakayekukanya. Mpaka siku hiyo yale maji hayamwagwi. Ninatawadhia mimi, yangali na moto, na kila nikinawa uso naona natumia haki ya mtu.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,

Mwanakhamis