Kura ya Baba Mkwe

Jumatano, 22 Oktoba
Nimetwanga, nimemnyonyesha Tumaini. Uji wa ulezi nimemwekea baba mkwe kwenye kigoda, nikatoka haraka. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hata akiwa kipofu. Tunaongea ukuta ukiwa katikati. Mume wangu yuko Mtowisa, lori lake limekwama.

Jumapili tunachagua mbunge; alama kwenye karatasi ni jembe na nyumba. Baba mkwe anataka jembe. Mgombea wa nyumba ndiye aliyesimamia nyumba yetu ibomolewe tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. "Kabomoa yangu, sasa ananiomba kura kwa picha ya nyumba!" Anacheka vibaya.

Ijumaa, 24 Oktoba
Karatasi ya kura ya mfano nimeiona ofisi ya tawi la chama. Jembe juu, nyumba chini. Nimenunua uzi mnene sokoni Majengo, nikashona picha zote mbili kwenye kitambaa. Nimekiacha kwenye kigoda. Nikamsikia anapapasa. "Mama Tumaini! Jembe nimelipata!"

Nina furaha. Atapiga kura yake.

Jumamosi, 25 Oktoba
Lori bado. Balozi wa nyumba kumi kapita. Yeye ni mtu wa mgombea wa nyumba, hafichi. "Mzee, kesho nitakushika mkono."

Jumapili, 26 Oktoba
Nilijifunga kengele ya mbuzi kiunoni, nikatangulia kwenda kituo cha kura. Baba mkwe akafuata mlio.

Karani kasema kipofu aingie na mtu anayemwamini. Nikasema, mimi. Watu wakaguna. Baba mkwe akarudi nyuma. "Hapana. Mkwe haingii pazia moja na mimi." Nikaomba nisimame nje, niseme juu au chini. Karani kakataa. Balozi keshamshika baba mkwe kiwiko. "Wee mwanamke, huna haya? Mzee, twende."

Wametoka upesi. Balozi anacheka.

Njia nzima kengele tu.

Jumatatu, 27 Oktoba
Hakula. Kasema ukutani: "Nilimwambia juu. Mkono wangu akaushusha."

Nimelia. Namchukia balozi.

Alhamisi, 30 Oktoba
Lori limefika. Redio ya jirani imetangaza: nyumba. Mume wangu anasema kura moja isingesaidia. Najua. Lakini ilikuwa ya baba.

Jioni nimeweka uji, nikageuka. "Mama Tumaini. Kaa." Nimekaa kizingitini, nimempa mgongo. Nyuma yangu anapapasa kitambaa.

"Mara nyingine utaingia wewe."

Miaka mitano. Mungu amweke. Uji umepoa, tumekaa tu.